Chumvi ndani ya jiwe: kazi ya Friedrich Rathgen, 1888–1927



Mwaka jana, mwezi wa nane, tulikuwa kwenye kilio cha baba mukubwa kule Uvira. Siku ya tatu, usiku, wamama walikuwa wamekwisha kugawa chai, na watu walibaki wanaongea tu ili wasilale. Maneno yakatoka kwa siasa, yakapita kwa bei ya mafuta, yakafika kwa vitu vya kale. Mtu mmoja alikumbusha habari ya Kakuungu, kile kinyago kikubwa cha Wasuku ambacho mfalme wa Ubelgiji alikuja nacho Kinshasa mwezi wa sita 2022, akakiacha kama mkopo usio na tarehe ya mwisho. Wengine walifurahi. Wengine wakauliza ni namna gani mwenye kitu anakopeshwa kitu chake mwenyewe. Kisha baba mudogo, ambaye alifundisha shule miaka mingi na akiongea watu wanasikiliza, akasema: "Mimi naona vikae kule kule. Huku nani atavichunga? Vidudu vitakula vyote. Wazungu njo wanajua kutunza." Halafu akanigeukia. "Si ni vile, Inje? Wewe njo muagronome, vidudu ni kazi yako."

Nilinyamaza. Watu wakadhani nimekubali. Kumbe nilikuwa naangalia kigoda cha babu, kilichokuwa pale pale karibu na mlango, na mimi njo nilikiharibu.

Ilikuwa 2019, nikiwa bado mwanafunzi. Nilikuta unga laini umelala chini ya kigoda, na vitundu vidogo kama vya sindano kwenye miguu yake. Fukusi wa mbao. Kwa mtu aliyekwisha kusoma kozi ya wadudu waharibifu, ile ilikuwa nafasi ya kujionyesha. Nikaenda kwa fundi wa pikipiki, nikaomba mafuta machafu ya motari, nikapaka kigoda chote, juu na chini. Fukusi walikufa, labda. Lakini ule wekundu wa kale ambao mikono ya watu wawili watatu ilikuwa imeusugua mpaka unang'aa, ulizama mu weusi na haukurudi tena. Kikaanza kunuka, na mpaka leo mwenye suruali nyeupe hakikalii. Babu hakunigombeza. Alikitazama muda mrefu, akasema tu: "Sasa kimekuwa cha garaji." Alikufa mwaka uliofuata.

Basi nilipotoka kwa kilio nikaanza kutafuta. Hao Wazungu wanaojua kutunza, walijua toka lini? Nani aliwafundisha? Nilidhani nitakuta jambo la zamani sana, la wafalme na mapadri. Nikakuta jina la mtu mmoja na tarehe moja: Friedrich Rathgen, tarehe 1 mwezi wa nne 1888, mjini Berlin. Siku ile Makumbusho ya Kifalme ya Berlin yalimpa kazi ya kuongoza labo ya kemia, ile tunayoita shimi. Ilikuwa mara ya kwanza mu dunia makumbusho kuwa na labo yake mwenyewe na mwanasayansi wake mwenyewe, kwa ajili ya kutibu vitu vilivyo ndani. Rathgen alizaliwa mwezi wa sita 1862 kule Eckernförde, mji mdogo kwenye pwani ya Baltiki. Siku anaanza kazi alikuwa hajafikisha miaka 26. Yaani alikuwa mudogo kwangu.

Na kwa nini 1888, si kabla? Kwa sababu vitu vilikuwa vinawafia mikononi.

Kati ya 1842 na 1845 mfalme wa Prussia alimtuma Misri mtaalamu mmoja, Karl Richard Lepsius, pamoja na kundi la wachoraji na wapimaji. Walirudi na mizigo mingi sana. Ndani yake mulikuwa hata kuta nzima za vyumba vya makaburi, zimebomolewa jiwe kwa jiwe. Moja ni ya Metjen, mkubwa wa serikali wa wakati wa nasaba ya nne, kutoka Saqqara: jiwe la chokaa, limechongwa watu, wanyama na maandishi. Kuta zile zilikuwa zimesimama mu mchanga miaka 4,500 hivi. Zilipofika Berlin, hata miaka 50 haikupita. Uso wa jiwe ulianza kupasuka, ukatoka maganda maganda, unga ukaanguka chini pamoja na michoro. Hakuna mtu aliyezigusa na nyundo, na mvua haikuzinyeshea. Zilikuwa ndani ya nyumba nzuri, na mlinzi mlangoni.

Sasa hapa niruhusuni niongee kama mutu wa udongo, juu jambo hili nililifahamu haraka kuliko nilivyotazamia. Aliyepita mu bonde la Ruzizi wakati wa kiangazi anajua zile sehemu ambapo ardhi inaonekana kama imemwagiwa unga. Ile ni chumvi. Maji yaliyo chini yanapanda polepole mu matundu madogo ya udongo, kama mafuta yanavyopanda mu utambi wa taa. Yakifika juu, jua linayachukua, chumvi inabaki. Mwaka kwa mwaka inajikusanya mpaka mpunga unakataa kuota. Jiwe la chokaa nalo lina matundu, hata kama jicho haliyaoni, na mawe ya Misri yalikuwa yamekunywa chumvi ya ardhi kwa miaka maelfu. Lakini kule ni jangwa. Chumvi ilikuwa imelala mu jiwe, haisumbui mtu.

Berlin iliiamsha. Wakati wa majira yenye hewa nzito, chumvi ilivuta unyevu wa hewa, ikayeyuka ndani ya jiwe. Wakati wa baridi watu waliwasha moto wa kupasha nyumba, hewa ikakauka, chumvi ikarudi kuwa chembe ngumu. Na chembe ya chumvi ikikua mahali pafinyu inasukuma. Ina nguvu ya kupasua jiwe, sawa na mzizi wa mtini unavyopasua ukuta wa nyumba. Mwaka uliofuata, ikayeyuka tena, ikakua tena, na kila mara ganda jingine likaanguka. Mchanga wa Misri ulichunga jiwe lile miaka 4,500. Chumba chenye moto na mlinzi kikalishindwa.

Mawe haya na mengine kama haya njo yaliwafanya wakubwa wa makumbusho wakubali kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa fundi wa kubandika na kupaka rangi peke yake. Kabla ya hapo, sanamu iliyovunjika ilipelekwa kwa mchongaji, naye aliongeza pua au mkono uliokosekana, akafunika kiraka. Alikuwa fundi wa mkono, na siri za dawa zake alikufa nazo. Rathgen aliletwa kwa swali lingine: ndani ya kitu hiki kuna nini kinachokiua?

Dawa ya udongo wenye chumvi tunaijua. Unamwaga maji matamu mengi, unachimba mifereji, maji yanashuka na chumvi. Rathgen alifanya vile vile kwa mawe. Yaliyoweza kuvumilia maji yaliwekwa mu birika, yakakaa, maji yakabadilishwa, yakakaa tena, wiki kwa wiki. Kila mara alichukua maji kidogo ya birika, akatia tone la nitrati ya fedha. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, kloridi bado ingalimo, rudisha jiwe. Mpaka siku tone linaanguka na maji yanabaki safi. Hakuamua kwa macho wala kwa uchovu wa kusubiri, aliamua kwa kipimo. Mimi nilipomaliza kupaka kigoda cha babu, kipimo changu kilikuwa kwamba mafuta yameisha mu kopo.

Lakini si kila jiwe linakubali kuoga. Jiwe lenye udongo ndani linavimba na kuvunjika mu maji. Lenye rangi juu linapoteza rangi. Lile ambalo uso wake umekwisha kuwa unga, ukilitia mu birika unatoa birika la matope. Hapo mhifadhi anabanwa pande mbili: akilipaka kwanza gundi ili lishikamane, gundi inafunga matundu na chumvi inabaki ndani. Asipolipaka, linamfia mu maji. Kitu kile kile mara mbili hakipatikani, kwa hiyo kila uamuzi ni wa mwisho. Sisi wa mashamba tuna bahati, msimu ukiharibika tunangoja mwingine.

Baada ya mawe yakaja metali, na hapa sisi watu wa nchi ya shaba tusikilize vizuri. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Ikikaa ardhini inavaa ngozi ya kijani au ya kahawia, wanaiita patina, na ngozi ile mara nyingi inailinda. Lakini kuna wakati, baada ya kuchimbuliwa, kwenye ngozi nzuri yanatokea madoa ya kijani cheupe, unga unga, yanakua kama ukoka wa kuvu kwenye mkate. Unayapangusa, wiki ijayo yamerudi. Yanachimba mpaka ndani. Watu waliuita ugonjwa wa bronzi, na mu miaka ile ya 1890 wengi waliamini kweli ni ugonjwa, una vijidudu, unaambukiza kutoka sanamu moja hadi jirani yake kwenye kabati. Nilicheka nilipokuta kwamba mu Italia, mwaka 1893, mwanakemia Ludwig Mond alishughulikia jambo hilo pamoja na Giuseppe Cuboni. Na Cuboni kazi yake ilikuwa nini? Magonjwa ya mimea! Alikuwa mtu wa kuvu za mizabibu. Basi baba mudogo hakukosea sana aliponiuliza mimi.

Mkosaji alikuwa ni yule yule wa mawe: kloridi. Chumvi ya ardhi inaungana na shaba chini ya ngozi, inakaa kimya, na siku hewa yenye unyevu inapoifikia inaamka, inatafuna shaba, na inapomaliza kutafuna inajikomboa ili itafune tena. Ndiyo maana kupangusa hakusaidii.

Rathgen alitumia njia ya umeme iliyopendekezwa na Finkener, mwalimu wa kemia wa Berlin. Kitu cha bronzi kinazamishwa mu maji yenye sianidi ya potasiamu, kinaunganishwa na umeme, na kutu inageuzwa kuwa shaba tena au inaanguka, kloridi inatoka. Sianidi ni ile ile sumu ambayo viwanda vinatumia kukamua dhahabu kwenye mawe. Ilifanya kazi. Vitu ambavyo vingekuwa unga vilitoka vigumu, na juu ya baadhi yake maandishi na mapambo yaliyokuwa yamefunikwa na kutu yakaonekana.

Ila, na hii ila ni kubwa, njia hiyo haikuchagua. Iliondoa ugonjwa, ikaondoa na ngozi. Mu ngozi ile, tunajua sasa, munaweza kuwa alama ya kitambaa kilichofunika kitu kaburini, alama ya mbao, mstari wa uso wa kwanza wa sanamu ambao haumo tena mu metali chini yake. Vyote vikaenda na maji machafu. Wahifadhi wa leo wanaogopa kuvua patina namna ile. Wanaweka kitu mahali pakavu sana, na tangu mwisho wa miaka ya 1960 wanatumia benzotriazoli, dawa inayofunga shaba bila kuvua kitu. Kwa hiyo mukisoma kwamba Rathgen ni baba wa uhifadhi wa kisasa, musidhani ni mtu asiyekosea. Baadhi ya vitu alivyoviokoa vilitoka vimechunwa. Ni kama sisi na DDT: kizazi kimoja kilishangilia, kizazi kilichofuata kikapewa kazi ya kupima mabaki.

Basi kwa nini namheshimu? Kwa sababu ya 1898. Mwaka ule alitoa kitabu kuhusu kuhifadhi vitu vya kale vilivyochimbuliwa, na ndani yake alimwaga kila kitu: dawa gani, kiasi gani, siku ngapi, njia ya fulani inafaa wapi na inashindwa wapi. Sehemu kubwa ni jiwe, udongo wa kuchomwa na metali. Mbao, ngozi na nguo zinapata nafasi ndogo. Wakati ambapo kila fundi alificha chungu chake cha gundi, yeye alifungua mlango wa labo. Mu 1905 kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Cambridge. Watafsiri walikuwa George Auden, daktari wa wagonjwa, pamoja na Harold Auden. Mtoto wa huyo daktari, wakati huo hajazaliwa, ndiye atakuwa mshairi W. H. Auden. Rathgen mwenyewe hakuacha kitabu chake kilale. Alikirudia, kikatoka upya kwa sehemu, 1915, 1924 na 1926, kwa sababu mambo aliyoyaandika akiwa kijana yalikuwa yamepitwa, na yeye njo wa kwanza kuyasahihisha.

Mu kazi yake munapita pia uso mmoja ambao wote munaujua. Tarehe 6 mwezi wa 12, 1912, kule Amarna, watu wa Ludwig Borchardt walichimbua mu karakana ya mchongaji Thutmose sanamu ya kichwa na mabega ya malkia Nefertiti. Ndani ni jiwe la chokaa, juu limefunikwa na jasi, halafu rangi. Borchardt alipochapisha habari zake mu 1923, uchunguzi wa rangi ulikuwa wa Rathgen. Ngozi ya malkia: unga wa chokaa uliotiwa udongo mwekundu wenye chuma. Buluu: kioo kilichosagwa chenye shaba. Manjano: orpimenti, ambayo ni arseniki. Nyeusi: makaa na nta. Kwa kazi hiyo mhifadhi anachukua chembe ambazo jicho linazihesabu kwa shida, kutoka uso ambao dunia nzima itauangalia, na asiache alama. Misri inadai sanamu ile irudishwe tangu miaka ya 1920. Bado iko Berlin.

Lakini kitu nilichopenda kuliko vyote hakina uso. Miaka mingi Rathgen alishughulika pia na mawe ya majengo na ya sanamu za nje, ambayo moshi wa mji na mvua vilikuwa vinayala. Wafanyabiashara waliuza dawa za kupaka, kila mmoja akiapa kwamba yake inazuia jiwe kuoza. Rathgen alichukua vipande vya mawe, vingine akavipaka, vingine akaviacha bila dawa, akaviweka nje mu mvua na jua, akangoja. Miaka. Wenzangu wa fakulte, munaona anafanya nini? Ni shamba la majaribio! Ni vile vipande vyetu vinavyowekwa mbolea na kile kimoja tunachokiacha bila kitu ili tulinganishe. Tofauti ni kwamba memwari yangu ilingoja maharagwe msimu mmoja tu, na nililalamika. Yeye alistaafu 1927, baada ya miaka 39 ya kazi, na matokeo ya mawe yale aliyachapisha pamoja na mwenzake, Koch, mu 1934, akiwa na miaka zaidi ya 70. Jibu halikuwapendeza wauzaji: dawa moja ya kutibu kila jiwe haipo.

Alikufa Berlin mwezi wa 11, 1942. Mwaka uliofuata mabomu yakaanza kuangukia Neues Museum, nyumba ambamo mawe ya Misri yalikaa. Labo yake nayo haikuishi muda mrefu baada ya vita. Ilifunguliwa upya 1975, na leo inaitwa kwa jina lake. Waingereza walikuwa wamefuata njia kama hiyo, na wao pia baada ya kuumia kwanza: mu vita ya 1914–1918 walificha hazina za British Museum mu mahandaki chini ya London, wakazitoa baadaye zikiwa na kutu, kuvu na chumvi. Ndipo wakaita mwanakemia Alexander Scott, na labo ikaanza 1920. Mu 1924 akaingia kijana, Harold Plenderleith, ambaye 1959 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi kule Roma. Na ICCROM hiyo hiyo, kutoka 1990 hadi 2000, iliendesha programu ya kufundisha wahifadhi wa makumbusho ya Afrika, kukatoka shule ya Porto-Novo, Benin, mu 1998. Ukihesabu toka labo ya Berlin mpaka Porto-Novo ni miaka 110. Si mingi. Babu wa babu yangu alikuwa hai wakati Rathgen anaweka jiwe la kwanza mu birika.

Na wakati ule ule vitu vyetu vilikuwa vinaingia Berlin. Hermann von Wissmann na wenzake walikuwa wamezunguka Kasaï mu miaka ya 1880, na waliyoyakusanya yalipelekwa mu makumbusho yale yale ya kifalme, upande wa mambo ya makabila. Mbao, nyuzi, manyoya, chakula kizuri cha wadudu. Kwa vitu vya namna ile makumbusho ya Ulaya yalitumia njia ya haraka: arseniki, chumvi za zebaki, naftalini, na baadaye DDT. Mimi nimesoma sumu hizi kwa ajili ya maghala ya mahindi, sikujua kwamba ni hizo hizo zilizomo mu vinyago. Arseniki na zebaki havifi na mdudu. Vinabaki pale mu nyuzi na mu matundu ya mbao miaka 100 na zaidi. Kwa mtu anayepita nje ya kabati la kioo si neno. Lakini kinyago kikirudi kijijini, mtu akakivaa, akacheza nacho, jasho na pumzi vikaingia? Basi mu kila kikao cha kurudisha vitu, kando ya swali la nani mwenyewe, ningetaka mutu mmoja aulize: mulivipaka nini, mwaka gani, na karatasi iko wapi? Mu mwezi wa pili 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri wetu mkuu orodha ya vitu kama 84,000 vya Tervuren. Orodha ya majina tayari ni hatua. Orodha ya dawa nayo ni deni.

Siwezi kuficha upande wetu. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114, na mu fujo za miaka ya 1990 sehemu yake iliibwa kutoka makumbusho, vingine vikaonekana sokoni Ulaya. Baba mudogo akisema tunaogopesha, ana hoja. Ila walioviiba hawakuwa fukusi. Dawa ya wizi ni ufunguo, na mshahara wa mwenye ufunguo.

Tulipokutana tena Uvira, kwa kuondoa matanga, nilimweleza haya yote, Metjen na birika na tone la nitrati. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Akasema, "Kumbe walianza kwa kuharibu." Nikamjibu, "Ndiyo, baba mudogo. Kama mimi."

Kisha nikaleta kigoda, nikakigeuza miguu juu. Nilikuwa nimebandika chini yake karatasi ndani ya plastiki: *2019, mwezi wa saba. Fukusi wa mbao, miguu mitatu. Kimepakwa mafuta machafu ya motari, karibu nusu lita, kwa burashi. Rangi ya kwanza ilikuwa nyekundu.* Na jina langu. Baba mudogo alivaa miwani, akasoma polepole kama anasahihisha mtihani. Akaniambia niifungue plastiki. Akaomba kalamu, na kwa ule mwandiko wake wa ubaoni akaandika chini ya maneno yangu jina la mti, kwa Kivira, jina la aliyekichonga, na mwaka 1958. Vyote vitatu sikuwa navijua.